Nicholas Culpeper, Aliyewafungulia Watu Kitabu cha Dawa

Ndugu msomaji, fikiri kwamba mtoto wako anaumwa. Unampeleka kwa daktari. Daktari anaandika maneno kwenye karatasi, lakini ameandika kwa lugha usiyoijua. Unaipeleka karatasi kwa mwuza dawa. Unapewa chupa, unalipa fedha nyingi, unarudi nyumbani. Hujui ndani ya chupa mna nini. Pengine mna maji ya majani yale yale yanayoota nyuma ya nyumba yako. Lakini hakuna wa kukuambia.

Hivyo ndivyo walivyoishi watu wengi wa Uingereza miaka 400 hivi iliyopita. Habari utakazosoma hapa ni za mtu aliyeona kwamba jambo hilo ni baya, akalipinga. Jina lake ni Nicholas Culpeper. Jina la pili hutamkwa Kalpepa. Hakuishi miaka mingi, na hakufa tajiri. Lakini kitabu chake kiliingia katika nyumba nyingi za watu wa kawaida, kikawafundisha kuitumia mimea ya kwao.

Mjukuu wa kasisi

Nicholas alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1616. Baba yake alikuwa kasisi wa kijiji cha Ockley, kusini ya jiji la London. Baba huyo alikufa muda mfupi tu kabla mtoto hajazaliwa. Mama akawa mjane mwenye mimba, na nyumba ya kasisi si yake tena. Akarudi kwa baba yake katika kijiji cha Isfield.

Babu naye alikuwa kasisi, tena mtu mkali mwenye elimu nyingi. Alimfundisha mjukuu wake Kilatini tangu alipokuwa mdogo. Kilatini kilikuwa lugha ya kale ya Warumi. Siku hizo hakuna taifa lililokizungumza nyumbani, lakini wasomi wa Ulaya waliandika vitabu vyao vikubwa kwa lugha hiyo. Aliyejua Kilatini alikuwa na ufunguo wa elimu. Asiyekijua alibaki nje ya mlango.

Babu alitaka Nicholas awe kasisi kama yeye. Mwaka 1632 alimpeleka Cambridge, chuo kikuu chenye sifa. Kijana alikuwa na umri wa miaka 16. Huko, badala ya kushika masomo tu, alishikwa na mapenzi. Inasimuliwa kwamba alimpenda binti wa watu matajiri, ambao wasingekubali ndoa hiyo. Vijana hao wawili wakapanga kutoroka na kuoana kwa siri. Msichana alipokuwa njiani, radi ikampiga, akafa.

Nicholas hakurudi chuoni. Hakutaka tena ukasisi. Babu alikasirika sana. Alipokufa, alimwachia mjukuu wake shilingi 40 tu, na hiyo kwa familia yao ilikuwa kama kumwambia kwamba si mtu wao.

Katika duka la dawa

Kijana aliyesoma Cambridge sasa alikwenda London kujifunza kazi katika duka la dawa. Watu wa ukoo wake waliona ni aibu. Mimi naona ndipo masomo yake ya kweli yalipoanza.

Wauza dawa wa siku hizo hawakununua vidonge kutoka kiwandani. Walitwanga mizizi, walichemsha majani, walikausha maua, walichanganya mafuta na asali. Mwanafunzi wa dukani alipaswa kuujua kila mmea kwa kuuona, kuunusa na kuuonja. Nicholas alifanya kazi hiyo miaka kadhaa, chini ya mabwana zaidi ya mmoja. Hakuwahi kumaliza muda wake wa mafunzo, kwa hiyo hakupata cheti. Lakini mimea aliijua.

Alijua pia jambo jingine. Aliona jinsi dawa zilivyotawaliwa.

Juu kabisa walikuwa madaktari wa Chuo cha Madaktari cha London. Hawa walikuwa wachache, makumi tu, katika jiji lenye watu zaidi ya laki tatu. Kumwona mmoja wao mara moja kulimgharimu kibarua zaidi ya mshahara wa wiki nzima. Chini yao walikuwa wauza dawa. Hawa waliruhusiwa kutengeneza dawa, lakini kwa kufuata kitabu kimoja tu kilichotolewa na madaktari mwaka 1618. Kitabu hicho kiliandikwa kwa Kilatini. Na zaidi ya hayo, kilieleza jinsi ya kuchanganya dawa lakini hakikueleza dawa hiyo inatibu nini. Hilo walilijua madaktari peke yao.

Baadhi ya dawa zenyewe zilikuwa za ajabu. Nyingine zilitakiwa kuwekwa nyama ya nyoka. Nyingine zilitakiwa unga wa fuvu la mtu aliyekufa. Nyingine zilikuwa na vitu zaidi ya hamsini, vingi vikitoka nchi za mbali, na bei yake mtu maskini hawezi hata kuiuliza.

Nyumba nje ya kuta

Mwaka 1640 Nicholas alioa. Mke wake aliitwa Alice Field, binti wa mfanyabiashara. Alikuwa na umri wa miaka 15, maana siku hizo wasichana wengine waliolewa wadogo hivyo. Alikuja na mali kutoka kwao, na kwa mali hiyo wakajenga nyumba Spitalfields, upande wa mashariki wa London.

Mahali hapo palichaguliwa kwa akili. Spitalfields ilikuwa nje ya kuta za jiji, na huko wakubwa wa jiji hawakuwa na nguvu sana. Palikuwa na watu maskini wengi, na mashamba na vichaka havikuwa mbali. Mimea ilipatikana bure.

Watu wakaanza kuja. Asubuhi moja waliweza kufika wagonjwa 40. Wengi hawakuwa na kitu cha kulipa, naye aliwatibu hivyo hivyo. Aliwauliza maswali, aliwatazama, aliwapa dawa ya majani au mizizi iliyo rahisi kupatikana.

Madaktari wengi wa siku hizo walikuwa na desturi ya kumpima mgonjwa bila kumwona. Mgonjwa alileta mkojo wake katika chupa, daktari akautazama, akataja ugonjwa. Culpeper aliwacheka. Alisema kwamba hata wangeletewa mkojo wa kujaza mto Thames, bila kumwona mgonjwa mwenyewe wasingejua kitu. Thames, ndugu msomaji, ni mto mkubwa unaopita katikati ya London.

Maneno kama hayo yalimpatia maadui. Kila mara alisema wazi kwamba watu wa nchi yake wanakandamizwa na makundi matatu: makasisi wanaoshika roho zao, madaktari wanaoshika miili yao, na wanasheria wanaoshika mali zao. Alikuwa na ulimi mkali kupita kiasi, na mara nyingine alitukana pale ambapo hoja peke yake ingetosha.

Mwaka 1642 vita vilianza nchini humo. Upande mmoja ulikuwa wa mfalme, na upande wa pili ulikuwa wa bunge. Culpeper aliingia upande wa bunge. Katika vita hivyo alipigwa risasi, na jeraha lile lilimdhoofisha mpaka mwisho wa maisha yake. Alirudi Spitalfields kwa wagonjwa wake, naye sasa akiwa mgonjwa.

Kitabu kinafunguliwa

Mwezi Januari 1649 mfalme wa Uingereza, Charles wa Kwanza, alikatwa kichwa mbele ya watu. Mwaka huo huo Culpeper alitoa kitabu ambacho kwa madaktari kilikuwa kama mapinduzi ya pili.

Alichukua kile kitabu cha Kilatini cha Chuo cha Madaktari akakitafsiri chote kwa Kiingereza. Hakuishia hapo. Chini ya kila dawa aliandika inatibu nini. Mahali alipoona dawa ni upuuzi, aliandika kwamba ni upuuzi. Mahali alipoona inaweza kumdhuru mtu, alionya.

Huenda utauliza, je, hilo ni jambo kubwa? Kutafsiri kitabu tu? Fikiri tena. Elimu ileile ilikuwapo juzi, na ilikuwapo leo. Kilichobadilika ni watu wanaoweza kuisoma. Jana walikuwa mamia. Leo ni kila mtu aliyejifunza kusoma lugha ya mama yake: seremala, mama wa nyumbani, mfanyakazi wa shamba, mkunga. Na asiyejua kusoma aliweza kumwomba jirani amsomee.

Madaktari walikasirika. Gazeti moja la watu wa upande wa mfalme liliandika kwamba Culpeper ni mlevi aliyeharibu kitabu kizuri. Wengine walisema kwamba watu wajinga watajiua kwa dawa wasizozielewa. Hoja hii ya mwisho haikuwa ya kipuuzi, na nitairudia. Lakini jibu la Culpeper lilikuwa kwamba watu walikuwa wanakufa tayari kwa kukosa fedha na kukosa kujua.

Mwaka 1651 alitoa kitabu kingine, kwa ajili ya wakunga. Jambo hili lilimgusa nyumbani mwake. Yeye na Alice walizaa watoto saba. Ni binti mmoja tu aliyebaki hai baada ya baba yake.

Dawa kwa peni tatu

Kisha, mwaka 1652, kikaja kitabu kilichomfanya ajulikane mpaka leo. Kwa Kiswahili tungekiita Mganga wa Kiingereza. Kiliuzwa peni tatu tu, bei ambayo hata kibarua aliweza kuimudu.

Kulikuwa na vitabu vya mimea kabla yake. Kimoja kilichotoka mwaka 1640 kilieleza mimea zaidi ya 3,000. Kilikuwa kinene, kizito kubeba, na cha bei kubwa. Culpeper alikisoma na kukitumia. Lakini yeye alichagua mimea inayoota Uingereza tu. Aliamini kwamba magonjwa ya watu wa nchi yanaweza kutibiwa kwa mimea ya nchi hiyo, na kwamba hakuna haja ya maskini kununua mizizi iliyovuka bahari.

Aliandika kama mtu anayezungumza na jirani yake. Kila mmea aliueleza unavyoonekana, unaota wapi, unatoa maua mwezi gani, na unafaa kwa nini. Mmea ambao kila mtu anaujua hakupoteza wino kuueleza. Kuna majani yanayowasha sana ukiyagusa. Juu ya hayo alisema kwamba hayahitaji maelezo, kwa sababu hata usiku wa giza mtu atayatambua kwa kuyagusa.

Juu ya kitunguu saumu alieleza kwamba tangu zamani kimeitwa dawa ya maskini. Alikisifu kwa mambo mengi. Lakini alionya pia kwamba kitunguu saumu huleta madhara yake chenyewe, hasa mtu akila bila kiasi.

Kuna gugu moja la Ulaya lenye ua la manjano na majani yaliyochongoka kama meno ya msumeno. Linaota kila mahali, watu huling'oa na kulitupa. Culpeper alifundisha kwamba majani yake machanga huliwa kama mboga na humsaidia mtu kupata mkojo. Kisha akawachoma madaktari kidogo: alisema watu wa Ufaransa na Uholanzi hulila mara nyingi, maana madaktari wa huko hawana choyo ya elimu kama wa Uingereza.

Aliwafundisha pia kuchuma na kuhifadhi, na hapa kitabu kilikuwa kama mwalimu aliyesimama uani kwako. Majani, alisema, chagua yaliyo mabichi na yenye maji. Yaliyoanza kunyauka yatupe, kwa sababu yataozesha na mengine. Angalia mmea unapenda kuota wapi, uuchume huko, maana unaopenda kivuli hauwi na nguvu ukiota juani. Maua yachume yanapochanua vizuri, siku ya jua, yakiwa makavu. Ukiyachuma yakiwa na umande hayatakaa. Mbegu zisubiri ziive kabisa. Mizizi isiwe imeoza wala kuliwa na wadudu.

Majani yakikauka, yatie katika karatasi iliyoshonwa kama mfuko. Usiyashindilie. Yaweke mahali pakavu karibu na moto. Sisi tungeongeza jambo moja: andika jina la mmea juu ya mfuko, na tarehe. Sasa unajua kuandika.

Na utajuaje kama maua uliyoyaweka bado yanafaa? Tazama rangi, nusa harufu. Kimoja kati ya hivyo kikipotea, alisema Culpeper, nguvu ya dawa nayo imepotea.

Madaktari walifundisha kwamba majani yakaushwe kivulini, kwa sababu jua huondoa nguvu yake. Culpeper alikataa. Aliuliza, kama jua huondoa nguvu ya majani, mbona wakulima hukausha nyasi za ng'ombe juani, na ng'ombe hunenepa? Hoja hii ilimfurahisha kila mkulima aliyeisoma. Lakini katika jambo hili madaktari ndio waliokuwa karibu zaidi na ukweli. Majani yenye harufu, kama mnanaa, hukaushwa vizuri kivulini penye hewa, maana jua kali hupoteza mafuta yenye harufu ndani yake.

Makosa yake

Basi tusimfanye mtu huyu kuwa malaika. Alikosea, na makosa mengine yalikuwa makubwa.

Aliamini kwamba kila mmea unatawaliwa na sayari fulani. Kitunguu saumu, kwa maoni yake, kilikuwa chini ya sayari iitwayo Mirihi, kwa sababu ni kikali na chenye moto. Aliamini kwamba ili kumtibu mtu lazima ujue nyota zilikaaje alipougua. Watu wengi wa wakati wake waliamini hivyo, hata wasomi. Leo tunajua kwamba nyota hazina kazi katika dawa.

Pia alikuwa hana njia ya kupima dawa kama tunavyopima leo. Kuna mmea uitwao komfri. Yeye alifundisha kuuchemsha na kunywa kwa ajili ya majeraha ya ndani ya mwili. Watu waliutumia hivyo miaka mingi baada yake, na waliona ni salama kwa sababu ni majani tu. Siku hizi imejulikana kwamba mmea huo ukinywewa huharibu ini, polepole, bila mtu kujua.

Hapa ndipo ile hoja ya madaktari inaporudi. Jani si salama kwa sababu limeota nyumbani. Mmea mmoja hufanana na mwingine, na mmoja ni mboga na wa pili ni sumu. Kipimo kinachomfaa mtu mzima kinaweza kumwua mtoto. Mwanamke mwenye mimba hudhurika kwa vitu ambavyo mwenzake hanywi akaona lolote. Na homa ya mtoto haisubiri majani yachemke, ni ya kukimbilia zahanati. Madaktari wale walijua hatari hizi. Lakini dawa yao kwa hatari hizo ilikuwa kuficha elimu, wakati Culpeper alitaka kuieneza. Elimu iliyofichwa haiwezi kusahihishwa. Kosa la komfri limejulikana kwa sababu limeandikwa wazi, likasomwa, likapimwa.

Siku za mwisho

Culpeper aliandika haraka kama mtu anayejua muda wake ni mfupi. Jeraha la vita lilimsumbua. Kifua kikuu kilikuwa kimemshika. Na alikuwa akivuta tumbaku nyingi mno. Mtu aliyewafundisha maelfu jinsi ya kutunza miili yao hakuweza kuiacha tumbaku yake mwenyewe. Fedha nazo zilikuwa haba, maana alichokipata alikitumia kwa wagonjwa na kwa vitabu.

Jambo jingine lilimkera. Kitabu chake kilipendwa sana mpaka wezi wakakichapisha kwa siri, kikiwa na makosa tele. Katika dawa, kosa la neno moja laweza kuua. Basi mwaka 1653 alitoa kitabu upya, kikiwa kimeongezwa, na ndani yake akawaeleza wasomaji jinsi ya kukitambua kitabu halali na cha bandia.

Alikufa nyumbani kwake Spitalfields tarehe 10 Januari 1654. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Alice alibaki na binti yao na marundo ya karatasi zilizoandikwa kwa mkono wa mume wake. Baadhi ya maandiko hayo yalichapishwa baada ya kifo chake. Wachapaji wengine wakatunga vitabu vyao wenyewe wakaweka jina la Culpeper juu, kwa sababu jina hilo liliuza.

Kitabu cha mimea kiliendelea. Kilichapishwa zaidi ya mara 100. Waingereza waliohamia Amerika walikwenda nacho, na mwaka 1708 kikachapishwa katika mji wa Boston, ng'ambo ya bahari, kwa watu waliokuwa mbali sana na daktari yeyote. Mpaka leo bado kinachapishwa na kuuzwa, ingawa si kwa peni tatu tena.